Kwa nini chuo kikuu hakijui pa kuuweka muziki

Katika vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya, mtu hakuweza kuhesabiwa msomi bila kusoma muziki, na wala hakutakiwa kuimba hata ubeti mmoja. Muziki ulikuwa miongoni mwa elimu nne za namba, pamoja na hesabu, jiometri na falaki. Mwanafunzi alijifunza kwamba uzi ukigawanywa nusu kwa nusu hutoa sauti ileile iliyopanda oktava moja (kama kutoka do hadi do ya juu yake), uwiano wa 2 kwa 1. Kwamba 3 kwa 2 na 4 kwa 3 huzaa sauti nyingine zinazopatana masikioni. Na kwamba, kwa imani ya wakati ule, uwiano wa namna hiyo ndio unaopanga mwendo wa sayari. Aliyeshinda njiani akipuliza filimbi hakuwamo katika elimu hiyo. Huyo alikuwa fundi tu, kama seremala.

Ninaanzia huko kwa sababu maswali tunayobishania leo yana asili yake huko. Je, muziki ni elimu au ni kipaji? Kwa nini mtu apewe shahada kwa kupiga piano? Kwa nini fedha zikipungua idara ya muziki huwa ya kwanza kutajwa? Neno ni moja, lakini ndani ya chuo linabeba mambo matatu: kujua habari za muziki, kuweza kuufanya, na kuishi nao hata kama unasomea udaktari wa binadamu au sheria. Kila jambo liliingia chuoni kwa mlango wake na kwa wakati wake. Wengi wetu huyachanganya, tukatetea moja kwa hoja ya jingine, kisha tukashangaa wasimamizi wa bajeti wasipotuelewa.

Ajuaye na aimbaye

Aliyechora mpaka huo kwa maneno makali ni Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 6. Aliwagawa watu wa muziki mafungu matatu: wanaopiga ala, wanaotunga, na wanaopima kwa akili kile kilichopigwa na kutungwa. Fungu la tatu peke yake ndilo alilolipa heshima ya jina la mwanamuziki. Wapigaji aliwaona watumishi wasiofikiri, na watunzi aliona wanasukumwa na silika kuliko fikra. Maandishi yake yalisomeshwa vyuoni kwa karne nyingi, na dharau iliyomo ikasomeshwa pamoja nayo.

Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo aliirudia hoja hiyohiyo kwa ukali zaidi: mwanamuziki na mwimbaji wako mbalimbali sana, na atendaye asilolijua ni mnyama. Lakini Guido huyohuyo ndiye aliyewapa waimbaji silabi za ut, re, mi, fa, sol, la na kuipanga mistari ya nota, ili mtoto wa kwaya aweze kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa. Mtu aliyemtukana mwimbaji asiyejua ndiye aliyetumia maisha yake kutafuta njia ya kumfanya ajue, na njia aliyoipata ilipita kooni na masikioni. Kinachofundishwa hadi leo kutoka kwake ni kile alichowapa waimbaji.

Chuo cha Salamanca kilikuwa na nafasi ya mwalimu wa muziki tangu mwaka 1254, mfalme Alfonso X alipopanga mishahara ya walimu wake. Kuanzia 1567 kiti hicho kilikaliwa na Francisco Salinas, kipofu tangu utotoni, ambaye alikuwa mwananadharia mzito na papo hapo mpigaji hodari wa ogani. Watu wa namna yake walikuwapo sikuzote. Tatizo ni kwamba kanuni za vyuo hazikuwa na jina la kuwaita.

Uingereza ilipata ufumbuzi wa ajabu kidogo. Mtu wa kwanza anayejulikana kupata shahada ya muziki Cambridge ni Henry Abyngdon, mwaka 1464. Lakini shahada ya muziki, pale na Oxford, kwa muda mrefu haikumlazimu mtu kukaa chuoni na kuhudhuria mihadhara. Mwombaji alileta utunzi wake, watahini wakaupima, akavishwa joho. Shahada ilikuwa muhuri juu ya kazi ambayo mtu alikwisha kujifunza kwingine, kanisani au katika nyumba za wakubwa. Joseph Haydn alipopewa udaktari wa heshima Oxford mwaka 1791, simfonia yake namba 92 ilipigwa huko, ikabaki na jina la mji huo ingawa hakuitunga kwa ajili yake. Chuo kilijua kuutambua muziki. Kuufundisha kilikuwa bado hakijui.

Nyumba za yatima

Waliojua kufundisha walikuwa kwingine kabisa. Katika mji wa Napoli, kuanzia mwaka 1537, zilifunguliwa nyumba za kulea yatima na watoto wa maskini zilizoitwa *conservatorio*, yaani mahali pa kuhifadhia. Watoto walifundishwa kazi itakayowapa riziki, na baada ya muda kazi hiyo ikawa muziki, kwa kuwa makanisa na majumba ya opera yalihitaji waimbaji na wapigaji wengi. Njia ya kufundisha ilikuwa ya kiganjani. Mtoto aliwekewa mstari mmoja wa besi mbele ya kinanda, naye aujazie sauti za juu papo hapo, siku baada ya siku, mpaka vidole vitambue njia kabla mdomo haujaweza kuieleza. Kule Venice zilikuwapo nyumba za namna hiyo kwa wasichana, na katika mojawapo, Pietà, Antonio Vivaldi alianza kufundisha fidla mwaka 1703.

Neno konsavatori tunalolitumia kwa chuo cha muziki limetoka kwenye hifadhi hizo za watoto. Paris ilipofungua konsavatori yake mwaka 1795, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, sababu ilikuwa nyingine: taifa lilihitaji bendi za gwaride na waimbaji wa sherehe za umma. Baadaye ikaja London 1822, Leipzig 1843 chini ya Felix Mendelssohn, St Petersburg 1862. Vyote hivyo vilijengwa nje ya chuo kikuu, vikiwa na mitihani yao, walimu wao na fahari yao. Mwanafunzi alitoka akiwa na mikono iliyokomaa na mara nyingi bila shahada.

Chuo kikuu nacho, katika karne hiyohiyo ya 19, kilirudi kwa muziki kupitia mlango wa historia. Mjini Vienna, Eduard Hanslick alipewa uprofesa mwaka 1861, na mwaka 1885 Guido Adler akaandika makala iliyochora ramani ya taaluma nzima ya muzikolojia, yaani elimu ya kuuchunguza muziki, akiigawa kati ya upande wa historia na upande wa mfumo. Sasa muziki ulisomwa kama maandishi ya kale yanavyosomwa: nyaraka, miswada, mitindo, tarehe. Ni kazi njema, na bila hiyo tusingekuwa na matoleo ya kuaminika ya nusu ya muziki unaopigwa leo. Lakini ilimrudisha Boethius kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa mtu aliweza kuwa profesa wa muziki kwa kuandika peke yake.

Marekani ndiyo iliyojaribu kuweka yote chini ya paa moja. Harvard ilimpa John Knowles Paine uprofesa kamili wa muziki mwaka 1875, na huko Oberlin konsavatori ilikuwa imeshaungana na chuo tangu 1867. Tangu hapo mwelekeo wa dunia umekuwa kuunganisha. Konsavatori ya Sydney iliungana na Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1990; Italia, kwa sheria namba 508 ya mwaka 1999, iliziingiza konsavatori zake katika mfumo wa elimu ya juu. Ndoa hiyo imefungwa. Wanandoa bado wanabishana ni nani atalala wapi.

Muziki upi?

Lipo swali jingine ambalo historia hiyo haikujiuliza kwa muda mrefu: muziki wa nani? Mwaka 1928 Konsavatori ya Hoch mjini Frankfurt ilifungua darasa la jazi chini ya Mátyás Seiber. Wanazi walilifunga mwaka 1933. Chuo cha ualimu cha North Texas kilipoanzisha masomo ya shahada ya jazi mwaka 1947, kilikwepa hata kulitaja neno lenyewe; kilisema "bendi ya dansi", maana jazi lilisikika kama neno la vilabuni. Leo hakuna anayeuliza kama jazi inafaa chuoni, na wapo wanaolalamika kwamba imefugwa mno huko.

Kwa muziki unaoishi nje ya nota, ugumu ni wa aina nyingine. Kule India, msomi wa muziki V. N. Bhatkhande alisaidia kuanzisha chuo cha muziki Lucknow mwaka 1926, akiwa na imani kwamba raga, yaani mipangilio ya sauti ambayo muziki wa huko hujengwa juu yake, zinaweza kufundishwa kwa mtaala, darasa na mtihani. Waliolelewa katika uhusiano wa guru na mwanafunzi wake, miaka na miaka katika nyumba moja, waliuliza raga ya asubuhi itaeleweka vipi katika kipindi cha ratiba. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Bhatkhande aliwafungulia mlango watu ambao familia za wanamuziki zisingewapokea.

Huko Ghana, msomi wa muziki J. H. Kwabena Nketia (1921–2019) alikwenda mbali zaidi. Katika Taasisi ya Taaluma za Afrika huko Legon, mabingwa wa ngoma waliajiriwa kufundisha ngoma wenyewe, si kuwa vielelezo tu vya kuchunguzwa na wasomi. Miaka hiyohiyo, Mantle Hood wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alidai mwaka 1960 kwamba anayetaka kuusoma muziki wa watu wengine sharti ajifunze kuupiga, hadi awe na muziki miwili kama mtu mwenye lugha mbili. Ethnomuzikolojia, taaluma ya kuuchunguza muziki wa jamii mbalimbali ambayo wengi hudhani ni ya kurekodi na kuandika tu, ndiyo iliyokiambia chuo kikuu waziwazi kwamba mkono ni chombo cha kujulia.

Kanuni za ajira hazikubadilika kwa kasi hiyo. Mpiga ngoma aliyebeba kichwani nyimbo na midundo ya vizazi, anayeweza kusikia kosa la mtu mmoja kati ya kumi wanaopiga pamoja, hana shahada. Kwa kanuni za vyuo vingi ataitwa mkufunzi msaidizi, atalipwa kwa kipindi, na juu yake atakuwapo mtu aliyeandika tasnifu kwa kumhoji yeye. Sijui namna ya kulieleza hili kwa upole. Ni dhuluma, na ni dhuluma inayoweza kurekebishwa kwa kifungu kimoja katika kanuni za uteuzi, kama vile vitivo vya tiba vinavyowapa vyeo madaktari wa wodini kwa uzoefu wao.

Mtihani nao una shida zake. Chuo hutoa alama kwa mtu mmoja mmoja. Lakini katika muziki wa kikundi, umahiri mkubwa ni ule wa kumsikia mwenzako, kumpisha, kumshika anapoteleza. Mwanafunzi aliyemwokoa mwenzake katikati ya wimbo amefanya jambo gumu kuliko wote jukwaani, na kama kazi yake ni nzuri, mtahini hatajua limetokea.

Uzamivu wa vidole

Fundo gumu kuliko yote ni utafiti. Chuo kikuu cha kisasa humpima mhadhiri kwa maarifa mapya anayoyatoa. Basi mpigaji fidla aliyeajiriwa kufundisha atapimwaje? Marekani ilianzisha udaktari maalumu wa sanaa ya muziki katika miaka ya 1950, ambao uzito wake uko katika maonesho. Ulaya na Australia zikaja baadaye na uzamivu unaojengwa juu ya vitendo: mtu anapiga au anatunga, kisha anaandika maelezo ya alichokigundua.

Mwaka 1993 Christopher Frayling alitofautisha utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa, na mgawanyo huo umewasaidia wengi. Mwaka 2015 mtunzi John Croft akachokoza mjadala kwa kudai kwamba kutunga muziki si utafiti hata kidogo: mtafiti hueleza jinsi kitu kilivyo, mtunzi huleta kitu ambacho hakikuwapo. Waliomjibu walikuwa wengi na wakali.

Mimi naona pande zote zinasema kweli, kila upande ukiwa na mfano wake kichwani. Chukua mtu anayetaka kujua kwa nini mtunzi wa karne ya 18 aliandika alama za kuunganisha nota mahali ambapo mkono wa leo unakataa. Anafunga nyuzi za utumbo kwenye fidla, anashika upinde wa umbo la zamani, anapiga kwa miezi, na siku moja mkono unakubali. Jibu hilo lisingepatikana maktaba. Huo ni utafiti, na ushahidi wake uko kwenye kiwiko. Sasa chukua mtunzi anayeandika wimbo mzuri kwa sababu umemjia. Chuo kinamtaka ajaze fomu: swali la utafiti ni lipi, mbinu ni ipi, mchango kwa taaluma ni upi. Anajaza, kwa kuwa anahitaji kazi. Wimbo ulikuwa kweli, fomu ikawa uongo, na kila aliyeko kwenye kamati anajua.

Daktari wa upasuaji katika hospitali ya chuo kikuu haulizwi kama kila upasuaji aliofanya ni utafiti. Anafanya kazi ngumu kwa kiwango cha juu, wanafunzi wakiwa wamesimama kando yake, na hilo linatosha kumweka pale. Mwanamuziki naye anastahili kukaa chuoni kwa msingi huohuo. Akifanya utafiti, vema, upimwe kama utafiti. Asipofanya, afundishe na apige kwa ubora unaoonekana.

Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja

Hapo ndipo fedha zinapoingia. Mhadhara wa uchumi unaweza kusikilizwa na wanafunzi 300 kwa wakati mmoja. Somo la fidla ni la mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, kwa saa nzima, kila wiki, na hivyo ndivyo lilivyokuwa karne mbili zilizopita. Wachumi William Baumol na William Bowen walilieleza hili mwaka 1966: viwanda huongeza tija mwaka hadi mwaka na mishahara hupanda pamoja nayo, lakini kwateti ya Beethoven bado inahitaji watu wanne na muda uleule. Gharama yake ikilinganishwa na vitu vingine itapanda daima, hata kama hakuna aliyefuja senti. Msimamizi wa bajeti anayeona idara ya muziki ni ghali hajakosea hesabu. Kosa ni kudhani kwamba ughali huo ni dalili ya uzembe. Nchini Uingereza, mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Oxford Brookes kilitangaza kufunga masomo yake ya muziki, na Januari 2025 Chuo Kikuu cha Cardiff, kule Wales, kikapendekeza jambo kama hilo.

Watetezi wa muziki, wakibanwa hapo, hukimbilia faida za pembeni. Maarufu zaidi ni ile habari kwamba kumsikiliza Mozart huongeza akili. Ilitokana na jaribio dogo la mwaka 1993 kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu: waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika kumi walifanya vizuri kidogo zaidi katika maswali ya kufikiri juu ya maumbo, na athari ikaisha kwa dakika 10 hadi 15. Majaribio ya baadaye yaliona tofauti ndogo mno au hayakuona kitu. Idara iliyojengwa juu ya hoja hiyo huanguka siku hoja inapoanguka, na ni vema ianguke, maana hakuna anayetetea idara ya falsafa kwa kusema inasaidia hesabu.

Saa za mazoezi zina upande mwingine unaoniuma zaidi kuliko bajeti. Mwaka huohuo wa 1993, mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa wapiga fidla wa chuo cha sanaa mjini Berlin. Kundi la walio bora lilikuwa limekusanya, kwa wastani, karibu saa 10,000 za mazoezi ya peke yao walipofika miaka 20. Namba hiyo imetumiwa vibaya tangu hapo, kana kwamba saa peke yake humzaa bingwa. Lakini itazame kwa jicho la mlango wa chuo. Mwanafunzi wa sheria huanza sheria chuoni. Mwanafunzi wa fidla hufika kwenye usaili akiwa na zaidi ya miaka kumi nyuma yake, miaka iliyolipiwa na mtu. Usaili unasema unapima kipaji, na kweli unakipima, lakini pia unapima ni mzazi gani aliweza kununua ala na kumlipa mwalimu wakati mtoto ana miaka sita. Chuo kinachopokea waliokwisha kuiva tu hakifundishi wengi, kinachuja. Mwaka mmoja wa maandalizi, wenye ala za kuazima na masomo ya nota kwa wanaojua kupiga kwa sikio, ungebadilisha sura za waliomo darasani.

Nimebakiza wale wa mlango wa tatu. Katika chuo chochote chenye kwaya au okestra, wengi wa waliomo hawasomei muziki. Ni wa kemia, wa sheria, wa uhasibu, wanaotoka maabara saa kumi na mbili jioni na kuimba mpaka saa mbili usiku bila kupewa alama. Idara ikifungwa, wao hawatajwi kwenye ripoti, kwa kuwa hawakuandikishwa. Lakini kiongozi wa kwaya alikuwa mhadhiri wa idara hiyo, piano ilikuwa ya idara, na nota zilikaa kwenye kabati lake.

Basi anayefikiria kusomea muziki, au mzazi anayemsindikiza, asiridhike na jina la shahada. Aulize ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi hukaa na mwalimu wake wawili tu. Aulize mtihani wa mwisho ni wa kuandika au wa kupiga, na kama ni vyote viwili, kipi kina uzito zaidi. Aulize walimu wenyewe hupiga wapi, na lini mara ya mwisho. Kisha aulize vyumba vya mazoezi hufungwa saa ngapi, kwa sababu asiye na piano nyumbani atajifunza piano katika saa zile tu ambazo mlango uko wazi.